Kwenda Gombe kuona sokwe na kuogelea Tanganyika: maswali mnayouliza kila mara

Watu wengi wakisikia Gombe wanadhani ni sehemu ya wazungu na watafiti tu, kumbe ni hifadhi yetu kama ilivyo Mikumi au Serengeti, tofauti ni kwamba huku hakuna gari, unatembea kwa miguu msituni na ukishuka kutoka msituni unakanyaga mchanga wa ziwa moja kwa moja. Nimekusanya hapa maswali yanayokuja kila wiki ili mtu akipanga safari asihangaike. Jambo moja niliseme mapema kwa sababu litajirudia humu: Gombe haitaki haraka, na Gombe ni nyumbani kwa sokwe, sisi ni wageni wao. Ukilielewa hilo mengine yote yanakuwa rahisi.

Gombe iko wapi hasa?

Mkoa wa Kigoma, ufukwe wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, kama kilomita 16 kaskazini mwa Kigoma mjini. Ni hifadhi ndogo sana, kilomita za mraba hamsini na kitu, kaukanda tu kati ya ziwa na milima ya bonde la ufa. Kutoka milimani vinashuka vijito kupita kwenye mabonde kama Kakombe, Kasekela na Mitumba, na humo kwenye mabonde ndiko kuna msitu mzito wa kijani mwaka mzima, ukipanda kidogo unakuta miombo, ukifika juu kabisa kwenye migongo ya milima ni nyasi. Ilianza kama pori la akiba mwaka 1943, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968.

Barabara ipo? Naweza kwenda na gari langu?

Hapana. Gari unaliacha Kigoma, kuingia Gombe ni kwa boti. Wengine wanavunjika moyo wakisikia hivyo lakini mimi naona hiyo ndiyo imeinusuru ile sehemu.

Sasa nafikaje?

Kwanza ufike Kigoma. Kuna ndege kutoka Dar, kuna mabasi kutoka mikoa mingi, na kuna treni ya reli ya kati, ile njia ya Wajerumani iliyofika Kigoma mwaka 1914. Treni inachosha, ni safari ya kulala njiani, ila kama una muda ni njia nzuri ya kuiona nchi na chakula cha stesheni unakula mpaka uchoke.

Ukishafika mjini una njia mbili. Ya kwanza ni boti za abiria kutoka Kibirizi, hizi zinazobeba wanakijiji kwenda Mwamgongo na vijiji vingine vya kaskazini kuelekea mpaka wa Burundi. Bei yake ni ndogo, mnakaa na magunia, ndoo, matanki ya mafuta, kuku, mnapiga stori mpaka mnafika. Kawaida zinaondoka mchana na zinatumia kama saa tatu hivi kwa sababu zinasimama simama, halafu kesho yake zinarudi mjini asubuhi sana. Yaani kwa boti ya abiria huwezi kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, lazima ulale. Na Jumapili usiitegemee kabisa. Mwambie nahodha tangu mwanzo kwamba unashuka Kasekela, maana ndipo makao ya hifadhi yalipo.

Njia ya pili ni kukodi boti, ya hifadhi au ya watu binafsi, inafika haraka zaidi lakini bei ni ya boti nzima kwa hiyo ni vizuri mkiwa kundi. Vyovyote utakavyopanda, laifu jaketi uvae, sio uikalie. Tanganyika siku ya upepo sio ziwa la kuchezea, wakati wa kiangazi linaweza kuchafuka mchana vizuri tu, kwa hiyo ukikodi ondoka asubuhi kukiwa kumetulia.

Twende mwezi gani?

Inategemea unataka nini. Kiangazi, kuanzia Julai mpaka Oktoba, njia ni kavu, picha zinatoka safi, ziwa linang'aa, ila sokwe wanaweza kuwa mbali milimani na utatembea sana. Kipindi cha mvua hawazunguki mbali sana kwa hiyo mara nyingi wanapatikana kirahisi zaidi, lakini sasa utelezi, matope, na mvua inaweza kukukuta juu huko na hakuna pa kujikinga. Mimi mtu akiniuliza bila maelezo mengi namwambia kiangazi kwa mara ya kwanza. Akishapenda, arudi mvua za kwanza zinapoanza, maana kipindi hicho mchwa wanaamka na unaweza ukawakuta sokwe wanavua mchwa kwenye kichuguu, na hicho ni kitu cha kuona kabla hujafa.

Siku moja inatosha?

Inawezekana kwa boti ya kukodi, ila siishauri. Sokwe hawana ahadi na mtu. Kuna siku wanapatikana nusu saa tu kutoka ufukweni, kuna siku unapanda saa tatu nne ndio unawasikia, na kuna siku mnawakosa kabisa. Ukiwa na siku moja tu roho inakuwa juu, unamsukuma mwongozaji, hufurahii hata msitu wenyewe. Lala usiku mbili. Siku ya kwanza fika, oga ziwani, pumzika. Siku ya pili nenda kwa sokwe asubuhi. Ya tatu iwe ya akiba kama mliwakosa, na kama mliwapata nenda kwenye maporomoko halafu urudi mjini kwa boti ya kukodi, maana ya abiria itakuwa imeshapita asubuhi.

Kuwafuata sokwe kunakuwaje? Nitawaona kweli?

Kila asubuhi kuna watu wa hifadhi na wa utafiti wanaotoka mapema kwenda pale sokwe walipolala. Sokwe kila jioni anajitengenezea kitanda kipya juu ya mti, anakunja matawi na kuyalaza kwa kuyakanyaga, dakika chache tu kitanda tayari. Kwa hiyo ukijua walilala wapi jana una pa kuanzia leo. Nyie mnapanda na mwongozaji, kundi dogo, anawasiliana na wenzake kwa redio. Mkiwafikia mnakaa nao saa moja, mnaachia umbali wa meta 10 hivi, halafu mnaondoka hata kama mmenogewa.

Njia zenyewe ni za kupanda na kushuka, kuna sehemu unashika mizizi. Vaa raba au buti zenye meno, suruali ndefu, shati la mikono mirefu, beba maji ya kutosha. Rangi za kupiga kelele acha hotelini. Chakula huruhusiwi kula mbele ya sokwe.

Kitu cha kwanza ni sauti. Utasikia mmoja anaanza "huu… huu… huu" chini chini, inapanda, inapanda, mpaka anapiga ukelele na upande wa pili wa bonde wanamjibu, na wengine wanapiga shina la mti kwa miguu linalia kama ngoma. Nywele zinasimama. Halafu mnawakuta labda wako juu ya miti wanakula mabungo, yes mabungo haya haya tunayotengenezea juisi, maganda yanadondoka chini pu, pu, pu, na ukitazama chini umezungukwa na maganda ya njano. Chikichi nazo wanakula sana, na Kigoma ni nchi ya mawese kwa hiyo hapo sisi na wao tunagombania tunda moja.

Ukibahatika kwenye mchwa, tulia kabisa. Mama sokwe anachuma kijiti cha nyasi, anakiangalia, kama kina majani anayatoa kwa midomo, anakipenyeza polepole kwenye tundu la kichuguu, anasubiri, anakivuta bila haraka kimejaa mchwa walioking'ang'ania, anawapitisha mdomoni. Mtoto wake amekaa pembeni anakodoa macho, naye anachukua kijiti chake, kifupi mno au kinene mno, hakuna kinachotoka, anajaribu tena. Inachukua miaka mtoto kuweza. Binafsi nikiangalia hapo siwezi tena kuita hawa "wanyama tu".

Hivi kwa nini barakoa? Corona si ilishaisha?

Swali hili nalijibu kwa moyo wote kwa hiyo mnivumilie. Barakoa haihusu wewe kupata ugonjwa, inahusu wewe kumpelekea sokwe ugonjwa. Sokwe ndiye ndugu yetu wa karibu kabisa pamoja na bonobo, yule jamaa yake wa Kongo, kwa hiyo vingi vinavyotupata sisi vinampata na yeye, ila yeye hana dawa wala kinga ya mafua yetu ya kawaida. Mwaka 1966 polio iliwapiga sokwe wa Gombe, wengine walikufa na wengine wakabaki na viungo vilivyopooza. Na magonjwa ya mapafu yamewaua wengi kwa miaka tofauti. Sasa hapo Gombe sokwe wote ni kama mia moja tu au pungufu yake, wamezungukwa na mashamba na vijiji, ugonjwa ukiingia hawana pa kukimbilia na hakuna wengine wa kuja kujaza nafasi.

Kwa hiyo ukiwa na mafua, kikohozi au homa siku hiyo, usipande. Najua umelipa, najua umetoka mbali, sema ukweli kwa mwongozaji na ubaki chini. Usiteme mate msituni, usitupe tishu, ukitaka kujisaidia mwambie mwongozaji atakuonyesha mbali na njia wanayopita. Na usimpe sokwe chakula, hata ganda la ndizi. Zamani watafiti wenyewe walikuwa wakiwapa ndizi ili wawazoee, ikaleta ugomvi mwingi kati yao na mwisho ikaachwa.

Nyani je? Nasikia ni wezi.

Ni wezi hasa. Wako ufukweni pale pale, hawaogopi watu, na wanajua begi linafunguliwaje. Usile nje, usitembee na mfuko wenye chakula mkononi, mlango wa chumba ufunge hata ukienda chooni tu. Hizo nyavu za chuma mnazoziona madirishani na kwenye sehemu ya kulia ni kwa ajili yao, yaani pale binadamu ndio tunakaa kwenye banda na wao wanatuangalia. Nyani dume akikusogelea usimkodolee macho na usikimbie, ondoka taratibu. Kama ameshashika kitu chako mwachie, mwite mhifadhi.

Mbali na nyani kuna mbega wekundu, ambao sokwe huwa wanawawinda na kuwala, kuna kima wenye mikia myekundu, na ndege wengi sana.

Naruhusiwa kuogelea ziwani?

Ndiyo, ila uliza kwanza sehemu gani siku hiyo. Maji ya Tanganyika ni mazuri ajabu, meupe unaona mpaka chini, na ukiwa na miwani ya kuzamia unakutana na samaki wadogo wa rangi rangi kwenye mawe, wengi wao hawapatikani ziwa lingine lolote duniani. Kina kinashuka ghafla, hili ni ziwa la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, sehemu yake ya ndani kabisa inafika kama meta 1,470, kwa hiyo kama hujui kuogelea baki pale unapogusa chini. Swila wa maji yupo, huwa anakaa kwenye mawe, ukimwona mpishe tu aende zake. Kichocho nacho kipo, epuka kukaa kwenye maji yaliyotulia yenye majani na midomo ya vijito, na ukirudi nyumbani ukijisikia vibaya mwambie daktari uliogelea wapi. Usiogelee usiku.

Kama sitaki sokwe, kuna kingine cha kufanya?

Kipo. Maporomoko ya Kakombe ni matembezi mafupi kutoka Kasekela, msitu mzito, baridi, maji yanaanguka kwenye mwamba katikati ya mimea inayotambaa. Sokwe madume wamewahi kuonekana pale wakicheza mbele ya maji, wanayumba, wanashika hiyo mimea inayotambaa na kurusha mawe, na hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika wanafanya vile kwa nini. Kuna pia kilele kinachoitwa kilele cha Jane, yaani Jane Goodall, yule mtafiti Mwingereza wa sokwe, alikuwa anakaa pale na darubini siku za mwanzo kuwatafuta, unaona mabonde na ziwa na ng'ambo kule milima ya Kongo. Kutembea ufukweni kwa kawaida unaweza bila mwongozaji, ila msituni usiingie peke yako.

Na usiku kaa ufukweni uangalie wavuvi wa dagaa. Taa zinajipanga ziwani kama kuna mji mwingine kule. Panga usiku wa giza, maana mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa na wavuvi wanapumzika.

Nalala wapi na nakula nini?

Kuna resti hausi ya hifadhi Kasekela, ya kawaida tu lakini safi, kuna sehemu ya kupiga mahema, na upande wa Mitumba kuna kambi ya mahema ya kitalii kwa mwenye mfuko mzito. Vyumba sio vingi, buku mapema. Chakula, wengi wanabeba kutoka Kigoma mjini na kupika au kumpa mpishi apike mkishakubaliana malipo. Pita sokoni kabla hujapanda boti, chukua mchele, unga, nyanya, vitunguu, matunda. Mgebuka wa kukaanga, samaki wa ziwa hili, kama utampata fresh, sina maneno. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019 kwa hiyo beba vikapu, na takataka zako zote rudi nazo mjini.

Kiingilio shilingi ngapi?

Viwango huwa vinabadilika kwa hiyo siandiki hapa kitu kitakachokupotosha, angalia kwa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kabla ya safari. Cha kujua ni kwamba raia wa Afrika Mashariki tunalipa kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na wageni wa nje wanaolipa kwa dola, kwa hiyo njoo na kitambulisho cha NIDA au pasipoti, bila hicho usije ukalalamika. Kiingilio kinahesabiwa kwa saa 24. Juu yake kuna ada ya mwongozaji, malazi, na boti, na kwa Mtanzania mara nyingi boti ndiyo inakula hela kuliko vyote. Malipo ni kwa kontroli namba, sio kumpa mtu keshi mkononi. Lipia mjini mambo yakiwa rahisi.

Watoto na wazee wanaweza?

Kuwafuata sokwe kuna kikomo cha umri, watoto wadogo hawaruhusiwi, kwa sababu ya magonjwa ya utotoni na pia kwa sababu sokwe dume ana nguvu nyingi mno. Ukibuku taja umri wa kila mtoto. Wanaobaki wana ufukwe, ila mtu mzima awe nao muda wote kwa ajili ya nyani na maji. Mzee mwenye magoti mabovu aende tu, awaambie ukweli waongozaji, kuna siku sokwe wanashuka karibu kabisa na ziwa na huyo mzee anawaona bila kupanda popote.

Malaria, nyoka, mtandao?

Malaria ipo, lala ndani ya neti na jipake dawa ya mbu jioni. Nyoka wapo kama msitu wowote, angalia unapoweka mkono. Mtandao unakuja na kuondoka, waage wa nyumbani kabisa kabla hujatoka Kigoma, na beba powabenki iliyojaa. Flashi ya kamera izime. Droni usije nayo bila kibali.

Jane Goodall alifanya nini hasa pale?

Alifika Gombe tarehe 14 Julai 1960, akiwa na miaka 26, bila digrii, na mama yake akaja naye kwa sababu serikali ya kikoloni haikutaka akae peke yake. Mwaka huo huo akamwona sokwe aliyempa jina David Greybeard anatumia nyasi kuvua mchwa, na pia anakwanyua majani kwenye kijiti ili kimfae. Kabla ya hapo wasomi walikuwa wanafundisha kwamba ni binadamu tu anayetengeneza zana. Aliwapa sokwe majina badala ya namba, akasemwa sana kwa hilo, na majina yakabaki: watoto wanapewa jina la herufi ya mama, ndio maana utasikia ukoo wa F, ukoo wa G. Gremlin kwa mfano alizaa mapacha mwaka 1998, Golden na Glitter. Jane alifariki tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na kazi ya kuwafuatilia sokwe inaendelea mpaka leo.

Ila naomba mkienda muwasikilize wale Watanzania wanaotoka alfajiri kila siku na daftari kuwafuata sokwe. Wengine ni watoto wa vijiji vya pale pale, wanamjua kila sokwe kwa sura, mama yake nani, alivunjika kidole lini. Ulizeni maswali, wanapenda kuulizwa.

Gombe au Mahale?

Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe, ni kubwa, kilomita za mraba zaidi ya 1,600, milima yake inafika meta 2,462 kilele cha Nkungwe, sokwe ni wengi zaidi na msitu ni wa ajabu. Utafiti wa Wajapani ulianza kule mwaka 1965 na hifadhi ikatangazwa mwaka 1985. Lakini ni mbali, kusini mwa Kigoma, na kufika kunagharimu. Kama bajeti ni ya kawaida na una siku tatu nne, nenda Gombe.

Nikirudi mjini nina siku ya ziada, niende wapi?

Ujiji, panda daladala tu. Kuna makumbusho pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, na kuna miembe iliyofuata njia ya misafara ya watumwa na pembe, hiyo ndiyo historia ya kumwonyesha mtoto. Jioni shuka Kibirizi wakati boti zinapakia au dagaa wanaanikwa, na ukitaka kununua dagaa wa kurudi nao nyumbani chagua waliokauka vizuri, wanaong'aa, wasio na mchanga, halafu funga kwenye karatasi kabla ya kuweka kwenye begi maana basi zima litajua umetoka Kigoma.